Mfungua Pua za Mbwa

Katikati ya miaka ya themanini, Mzee Kornel alipokuwa tayari amechoka kwa umri, vijana wa kijiji chake kati ya Nambambo na Naipingo walimcheka kwa jambo moja. Hakuwa akimgusa mbwa wa mtu kabla ya kunawa kwa majivu na maji ya moto, na akimaliza kumgusa alinawa tena, hata kama mbwa mwenyewe ni mzima wa afya na mwenye mbwa ana haraka ya kwenda zake. Walisema mzee amesilimu kwa mlango wa nyuma. Yeye aliwaacha waseme. Alishafika umri ambao mtu hana nguvu za kubishana na watoto wa wenzake, na kusema kweli hata ujanani ubishi haukuwa kazi aliyoipenda.

Kazi aliyoipenda ilikuwa kufungua pua za mbwa. Aliirithi kwa baba yake, Mmakua wa upande wa Masasi, pamoja na pembe ya pongo iliyotobolewa nchani. Asiyeijua nchi ile anaweza kudhani ni mzaha, lakini huko nguruwe wa porini ndio wanaoamua nani atakula mhogo na nani atabaki na majani. Hakuna bunduki. Kuna nyavu, mikuki na mbwa, na mbwa asiyenusa ni mdomo wa kulisha tu. Kwa hiyo asubuhi ya kuwinda wenye mbwa walipanga mstari, na mfungua pua alipita kwa kila mmoja na pembe yake. Ndani ya pembe kulikuwa na maji ya tumbaku, pilipili kichaa na mizizi ambayo hakuwatajia watu. Alimimina kidogo tundu hili, kidogo tundu lile. Mbwa alipiga chafya mpaka miguu ya mbele ikakunjika. Kadiri alivyopiga chafya nyingi ndivyo mwenye mbwa alivyofurahi, maana pua imefunguka.

Kornel alifanya hivyo tangu kijana. Alikuja Nachingwea wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, akang'oa visiki kwa mnyororo mpaka viganja vikawa vigumu, na karanga zilipokataa kuota kama Waingereza walivyotaka, wao wakaenda zao, yeye akabaki. Akamwoa Felomena, wakajenga peke yao katikati ya mikorosho, mahali ambapo ukitaka chumvi kwa jirani unafunga safari. Wakapata binti mmoja, Aurelia, akaolewa Ruangwa. Watu walimfuata huko huko msituni na mbwa wao, na malipo yake yalikuwa paja la nguruwe kwa Mkristo na shukrani kwa Mwislamu. Hakutajirika. Lakini alipotajwa jina, hakuna aliyeuliza Kornel yupi, na hilo kwa mtu maskini ni kubwa.

Kisha yakaja mambo ya vijiji. Mwaka sabini na nne waliambiwa wahame, na walihama, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Nyumba zikapangwa kwa mistari kama mihogo shambani. Mema yalikuwapo: shule, kisima, mtu wa kusema naye jioni. Mbwa nao walihamia, ila wao hawakuitwa kwenye mkutano. Zamani mbwa wa Kornel akipata mafua alipiga chafya peke yake mpaka akapona au akafa, na habari ikaishia uani. Sasa mbwa wa mstari wa kwanza aliamka akanusana pua na wa mstari wa nne kabla jua halijatoka. Walipigana pamoja, walikula jalala moja, walilala kivuli kimoja. Hakuna aliyeona ubaya wake. Watu wenyewe ndivyo walivyoambiwa waishi.

Mwaka themanini, baada ya vita vya Kagera, mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe walizidi. Mwenyekiti wa kijiji, Mbaruku, mtu mrefu mwenye kanzu iliyofifia na maneno machache, akaamua kila Jumamosi wenye mbwa watoke. Yeye mwenyewe hakuwa akigusa mbwa, lakini alikuwa na shamba, na shamba halina dini. Jumamosi mojawapo akaja mgeni kuwasaidia, Dunstan wa Nanganga, na mbwa wake mmoja alikuwa akikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukaba, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na kila akikohoa aliishia kutema povu jeupe.

"Amekwamwa na mfupa tangu juzi," Dunstan akasema. "Nitazamie, mzee."

Kornel akampanua yule mbwa mdomo, akaingiza vidole mpaka koo, akatafuta mfupa. Hakuna mfupa. Akampaka dawa puani, maana ndiyo dawa aliyokuwa nayo, mbwa akapiga chafya usoni pake. Akajifuta mkono kwenye kaptura, akachukua pembe ile ile, akaendelea na mstari mpaka mwisho. Waliua nguruwe wawili siku hiyo na wakarudi wakiimba.

Juma lililofuata kikohozi kilikuwa kila mahali. Kilianza kwa Seleman, aliyekaa mstari wa kwanza karibu na kisima, kikaruka. Mbwa walikohoa mpaka mbavu zikawashika. Baadhi yao pua zilitoa makamasi mazito ya kijani, macho yakajaa tongotongo, wakakataa chakula na kujibanza nyuma ya majiko. Watu walipoona makamasi, wote walifikiri kitu kimoja. Pua zimeziba. Na zikiziba, aitwe nani?

Wakamwita Kornel. Alianza alfajiri kwa mgonjwa na kumaliza jioni kwa mgonjwa. Aliyekuwa anaumwa alifunguliwa pua apone, na aliyekuwa mzima alifunguliwa pua asije akashikwa. Magoti yalimuuma kwa kuinama. Hakumkatalia mtu. Kuna watu wamejaliwa kukataa na kuna waliojaliwa kwenda tu wakiitwa, na Kornel alikuwa wa kundi la pili, kundi lenye usingizi mchache. Usiku alikoka moto, akatwanga mizizi mingine. Watoto wa mbwa wakaanza kufa, kisha mbwa wakubwa waliokonda.

Mbwa mmoja tu hakufunguliwa pua, naye alikuwa wa Kornel mwenyewe. Jina lake Mtasema. Huko watu humpa mbwa jina la kuwaambia majirani, na Felomena ndiye aliyempa hilo, siku mabinamu walipomsengenya kwa kuzaa binti mmoja tu. Mtasema alikuwa na rangi ya mchanga, sikio moja limepasuka, na alipomnusa nguruwe hakubweka ovyo, aligeuka kwanza akamtazama Kornel. Alikuwa amejifungua siku chache kabla ya ujio wa Dunstan, ndani ya ghala kuukuu nyuma ya nyumba. Na mwiko wa wafungua pua ni kwamba jike anayenyonyesha hafunguliwi, wala mwenye pembe hamgusi wala hamkaribii mpaka watoto wafungue macho, maziwa yasije yakawa machungu. Felomena ndiye aliyempelekea uji, akinung'unika kwamba hakuolewa ili awe mkunga wa mbwa.

Ndipo Mbaruku alipotuma mtu mjini Nachingwea kumwita Bwana Mifugo. Huyo aliitwa Linus, mtu wa Bukoba, kijana bado ila uso umeshazeeka. Serikali ilimleta kusimamia mifugo katika nchi ya mbung'o, ambako ng'ombe wenyewe ungeweza kuwataja kwa majina. Alifika kwa baiskeli ambayo tairi lake la nyuma lilishonwa kwa waya, akanywa maji kata nzima, akaomba aonyeshwe wagonjwa. Hakuanza kusema. Alimfuata Kornel nyumba moja, ya pili, ya tatu, mikono nyuma, akimtazama anavyomimina. Kwenye nyumba ya nne akaomba kigoda, akakaa.

"Mzee, leo umeanzia kwa nani?"

"Kwa Seleman."

"Mbwa wake anakohoa?"

"Sana."

"Kisha ukaenda kwa nani?"

"Kwa Awadhi. Huyu wake ameanza jana tu."

"Na kabla ya jana ulimpitia?"

"Nilimpitia juzi. Nilimfungua kwa kumkinga."

Linus akainama akachora chini kwa kijiti, bila kuchora kitu. Alikuwa akitafuta namna ya kulisema jambo bila kumvunjia heshima mtu wa umri wa baba yake, na namna hiyo haikuwapo.

"Mzee wangu, ugonjwa huu unakaa kwenye pumzi, makamasi na mate. Mbwa akikohoa unaruka. Akipiga chafya unaruka zaidi. Ukibaki kwenye pembe, au kwenye mikono, au hapo kwenye kaptura unapojifutia, mbwa wa nyumba ya pili anaupata hata kama hajawahi kumwona mwenzake."

"Kwa hiyo ni mimi," Kornel akasema.

"Ni kukaa pamoja, na kuwinda pamoja, na kula pamoja. Na ni pembe."

Kornel aliitazama ile pembe mkononi mwake. Kilichomwuma si aibu, ingawa aibu ilikuwepo. Ilimwuma kwamba alikuwa amechoka kiasi kile kwa kazi ya kuua. Siku zote alidhani uchovu wa mtu, hata usipoleta kitu, angalau hauharibu. Akauliza kama ipo dawa. Linus akasema ipo chanjo, alijifunza habari zake chuoni, lakini kwenye friji la ofisi yake kulikuwa na chupa za maji ya kunywa tu. Tena kukohoa kwa mbwa kuna sababu zaidi ya moja, na bila maabara hata yeye asingeapa ni ipi. Alichokuwa nacho ni kuzuia.

Jioni hiyo Mbaruku akaitisha mkutano, na Linus akasimama mbele ya ofisi ya kijiji akawaeleza. Uwindaji usimame. Kila mbwa afungwe kamba uani kwake, mahali penye hewa na kivuli, asilazwe jikoni kwenye moshi, maana moshi unachokonoa kifua. Kila mbwa awe na kigae chake cha kulia, kisiazimwe. Aliye mgonjwa ahudumiwe mwisho, baada ya wazima, na anayemhudumia anawe. Sabuni wakati ule ilikuwa haionekani dukani hata kwa kuota, kwa hiyo alisema majivu na maji ya moto, na vyombo vianikwe juani. Anayekufa azikwe shimo refu, asitupwe kichakani. "Na mgonjwa msimwache na njaa," akamalizia. "Mpeni uji, mbembelezeni ale. Asipokula hafiki mbali."

Mbaruku alicheka kidogo kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Kigae cha mbwa kukaa mbali na kuoshwa mara saba, mbona sisi tumefundishwa tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani? Ninyi mnaolala nao ndio mna kazi."

Watu wakacheka. Kornel hakucheka. Alingoja mkutano uishe, akamsogelea Linus.

"Ninaye jike. Amezaa. Sijamgusa tangu azae, kwa mwiko. Watoto wamefungua macho jana, na leo nilikuwa niende kumwona."

"Anakohoa?"

"Hakohoi."

Linus akamtazama kwa huruma kubwa. "Basi usiende. Wewe umeshika kila mbwa wa hapa. Mtu wa mwisho wa kumgusa yule ni wewe. Mpaka kijiji kizima kikae wiki tatu bila kusikia kikohozi."

Kwa hiyo Kornel akahama nyumba yake. Pembe aliichoma siku hiyo hiyo, ikanuka vibaya, akaenda kuishi kwenye dungu shambani. Huko kulikuwa na kazi ya kutosha. Mbwa walipofungwa kamba nguruwe hawakufungwa, na kila mwanaume wa kijiji alilala shambani akipiga debe. Kornel alipiga debe usiku na kuzika mbwa mchana. Watu walimwachia mazishi, kwani mikono yake ilikuwa imeshachafuka, naye hakuwa na hoja ya kupinga. Alichimba kwa jembe lililochakaa, futi kwa futi, katika ardhi ngumu yenye mizizi ya mikorosho. Wengine aliowazika aliwajua tangu wako tumboni. Alikuwa amewafungua pua wao na mama zao. Hakulia, lakini kuna jioni alikaa ukingoni mwa shimo akashindwa kunyanyuka, si kwa ugonjwa, ni mwili tu uligoma.

Kila siku jua likielekea kuzama alikuja mpaka penye kisiki cha mkorosho, mbali kidogo na nyumba, akasimama. Felomena alimwekea chakula juu ya kisiki kabla hajafika, kisha akarudi mlangoni. Walizungumza kwa kupaza sauti, kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Hajambo?" Kornel aliuliza.

"Mimi au mbwa?"

"Wote, Mama Aurelia."

"Mbwa hajambo. Mimi mgongo. Nimemwoshea kigae, nimemwanikia, nimemchemshia maji. Mama yangu mzazi sikumfanyia haya."

Alisema hivyo, lakini alifanya yote. Alivaa kanga moja kwenda kwa mbwa na nyingine kwenda kisimani. Alimtoa Mtasema nje mchana, akamfunga kivulini mbali na njia, na watoto akawaacha ghalani mpaka wakati wa kunyonya. Baadaye akaanza kuwapa uji kidogo kidogo, wakaufakamia. Kila jioni alimweleza mumewe yupi ameota meno, yupi mlafi, yupi anamng'ata mwenzake sikio. Alikuwa hawapendi mbwa, alisema, na akaendelea kusimulia mpaka chakula cha Kornel kikapoa.

Shida ilikuwa Mtasema mwenyewe. Upepo ukivuma kutoka kwenye kisiki alimnusa Kornel, akasimama, akavuta kamba mpaka koo likakaba, akalia. Hakuwa akibweka. Alikuwa akilia sauti nyembamba ya mbwa asiyeelewa amekosa nini. Kornel hakuweza kumweleza. Mara ya kwanza alisimama akamwita jina, ikawa mbaya zaidi. Tangu siku hiyo alipoona majani ya mkorosho yanaelekea nyumbani hakusogea kisikini. Alisubiri vichakani mpaka upepo ugeuke, na mara nyingine haukugeuka, akalala na njaa. Alitamani kumshika shingo kidogo tu. Mtu mzima kama yeye alikuwa na hamu ya mbwa kama mtoto, na hakuwa na wa kumwambia.

Polepole kikohozi kikaanza kupungua. Mstari wa kwanza ukanyamaza. Mstari wa pili wakabaki wachache, miongoni mwao mbwa wa Awadhi.

Awadhi alikuwa Mmwera mzaliwa wa pale pale, mkulima wa korosho na ufuta, mtu mpole, mjane, ambaye watoto wake walikwenda Dar es Salaam wakasahau njia ya kurudi. Mbwa wake aliitwa Kazibure. Hakuwa akimgusa, kwa dini yake, lakini alimtupia nusu ya kila alichokula, na walikaa jioni wote wawili wakitazama barabara. Kazibure kifua kilikuwa kimeanza kutulia, ila hakula. Awadhi alimpikia uji wa mtama, akampikia wa mahindi, akamwekea utumbo wa kuku. Mbwa alinusa akageuza kichwa. Mzee wa watu alikuwa ameyashika maneno ya mwisho ya Bwana Mifugo kuliko yote ya mwanzo. Asipokula hafiki mbali.

Naye alijua dawa ya asiyekula, kila aliyelea watoto pale anaijua. Mtoto akikataa ugali hapigiwi kelele. Anaitwa mwenzake mwenye njaa, wanawekwa kwenye sinia moja, na yule mgonjwa akiona mwenzake anamega, naye atamega. Awadhi aliponya watoto wake wote kwa njia hiyo. Akatazama kijijini nani ana mbwa anayekula vizuri, na kila mtu alijua jibu.

Alikuja asubuhi, Felomena akiwa kisimani. Alimvuta Kazibure kwa kamba, taratibu, wakipumzika njiani. Mtasema alikuwa ameshawekewa uji wake kivulini. Awadhi akailegeza kamba mpaka Kazibure akafikia kigae. Mtasema alinguruma kidogo, kisha akamtambua, maana waliwinda pamoja miaka mingi, akaendelea kula. Kazibure akasimama akimtazama. Akainama. Akalamba mara moja, akalamba tena.

Felomena aliporudi na ndoo kichwani aliwakuta hivyo, vichwa viwili kwenye kigae kimoja, na Awadhi amechuchumaa pembeni, machozi yanamtoka.

"Amekula, Mama Aurelia," akasema. "Njoo utazame. Amekula."

Felomena alitua ndoo chini. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, naye hakuwa mwanamke wa kubana maneno, lakini alimwona yule mzee alivyokuwa na furaha na yote yakamkwama. Akasema tu, "Mwondoe, Mzee Awadhi. Mwondoe sasa hivi." Na Awadhi, aliposikia sauti ile, akakumbuka yale mengine yote aliyoambiwa mkutanoni. Uso ukamshuka. Akashika kamba, akaondoka bila kuaga.

Felomena alichemsha maji, akanawa mpaka viwiko, akavaa kanga safi, akaingia ghalani. Watoto wa mbwa walikuwa wamelala, hawajatoka siku hiyo. Akawapakia kwenye tenga, akalifunika, akashika njia ya shambani. Kornel alimwona kwa mbali akija saa ambayo si yake, akajua. Alishuka kwenye dungu akasimama upande wa pili wa shamba, wakapaziana sauti juu ya mahindi.

"Awadhi amemleta wake. Wamekula pamoja."

Kornel akatazama upande wa nyumbani.

"Hakukusudia," Felomena akasema.

"Najua hakukusudia. Watoto?"

"Walikuwa ndani. Ninao hapa. Uji wanakula."

"Basi kaa nao huku shambani, kwenye kile kibanda kipya cha kijaluba cha mpunga, usiwalaze nilipolala mimi. Mimi nakwenda nyumbani."

"Utamgusa?"

"Labda hakushikwa," Kornel akasema. "Simgusi mpaka nijue."

Wakapishana mbali, yeye kwa njia ya mtoni, mkewe kwa njia ya juu. Kornel aliingia nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Alinawa, akamsukumia Mtasema uji kwa mti mrefu, akaenda kukaa upande ambao upepo haupeleki harufu. Lakini sasa alikuwa karibu mno, na Mtasema alimwona. Alitikisa mkia mpaka kiuno chote kikatikisika. Akalia, akalala chini, akanyanyuka, akalia tena. Kornel alimgeuzia mgongo. Siku zile alikaa hivyo uani, mgongo kwa mbwa wake, masikio yakingoja. Alimwomba Mungu masikio yale yasisikie kitu. Alipochoka kuomba alihesabu tu pumzi za yule mbwa.

Asubuhi moja, umande bado haujakauka, Mtasema alikohoa. Mara moja, kavu, shingo imenyooka mbele. Kisha mfululizo, na mwisho wake povu jeupe kwenye nyasi.

Kornel alinyanyuka. Kuna jambo alilionea haya mpaka uzeeni, naye hakumwambia mtu ila mkewe: kwamba kitu cha kwanza alichosikia moyoni hakikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu, kama mtu anayetuliwa mzigo. Alivuka ua kwa hatua za haraka, licha ya magoti yake mabovu, akapiga magoti mbele ya yule mbwa akamshika shingo kwa mikono miwili. Mtasema alimnusa viganja, kidole kwa kidole, viganja vyenye harufu ya majivu na ya kila mbwa aliyezikwa, kisha akaweka kichwa chake pajani pa Kornel na kufumba macho. Kifua chake kilikuwa cha moto na kilikwaruza kila alipovuta pumzi.

Alikaa naye hapo mpaka jua likapanda. Alimsikia Felomena akiita kutoka mbali, nyuma ya kisiki, akiuliza kuna habari gani.

"Wabaki huko huko," Kornel akajibu, bila kunyanyuka. "Usiwalete. Mimi niko na mama yao."